Mtoto Amejiua: Maswali Ambayo Wazazi wa Mtwara na Lindi Huuliza Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mama, baba, bibi, babu au mlezi yeyote aliyefiwa na mtoto kwa kujiua, awe mtoto wa shule au kijana aliyekwisha kuwa na mji wake. Ndugu na majirani nao wausome, maana mengi yanayomwumiza mfiwa hutoka kwa watu waliokuja kumpa pole. Si lazima usome yote kwa mpigo. Akili ya mtu aliye msibani haishiki mambo, kwa hiyo chagua swali linalokukera leo na mengine uyaache.

Nataka kumfuata mwanangu. Nifanye nini?

Mwambie mtu mmoja sasa hivi, kwa maneno yasiyofichika: "Nafikiria kujiua, usiniache peke yangu." Usiseme tu kwamba umechoka au hujisikii vizuri, kwa sababu msibani kila mtu amechoka na hakuna atakayeelewa.

Wazazi wengi hutamani wangekufa wao badala ya mtoto. Hayo ni machungu ya kufiwa na yanahitaji mtu wa kuyasikiliza. Yakigeuka kuwa mpango, yaani umeanza kuwaza utafanyaje au lini, au umeanza kugawa vitu na kuaga, hiyo ni dharura kama ilivyo dharura ya mtu anayetoka damu. Nenda hospitali saa yoyote ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Mtwara Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Walio njia ya Masasi wana Ndanda, na walio upande wa Nyangao wana hospitali ya misheni palepale. Aliye mbali aanzie zahanati au kituo cha afya chochote kilicho karibu, apewe rufaa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Ndugu wanaobaki nyumbani wana kazi moja ya kufanya siku hiyohiyo: viuatilifu vya mikorosho, dawa za panya na dawa zote za hospitali zihamishiwe kwa jirani na zifungiwe. Mtu aliyefiwa kwa namna hii ana hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko mfiwa mwingine. Mawazo hayo huja kwa mawimbi, yakapanda na kushuka, na kitu cha hatari kikiwa mbali wakati wimbi limepanda, maisha huokoka.

Kwa nini polisi wanakuja? Tunashukiwa?

Kifo cha ghafla kisicho cha ugonjwa unaojulikana lazima kiripotiwe. Ndivyo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inavyotaka. Anayeulizwa maswali hajawa mtuhumiwa.

Mpelekeeni taarifa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, au mtendaji wa kijiji, naye awaite polisi. Au nendeni kituoni moja kwa moja. Kama ni wazi kwamba mtoto amekwisha kufariki, msiuhamishe mwili wala kusafisha mahali mpaka wafike. Hapa familia nyingi hukwama: kwa huruma mtu huosha, hupanga, huchoma karatasi, kisha maelezo hayalingani na uchunguzi unarefuka. Kama kuna dalili yoyote ya uhai, achaneni na hayo yote, mkimbizeni hospitali.

Daktari ataukagua mwili, polisi watachukua maelezo ya waliokuwepo, halafu mtaruhusiwa kuzika. Wanaotaka kuzika siku ileile wawaambie polisi na daktari mapema kabisa badala ya kusubiri kwa kunyamaza. Teueni ndugu mmoja mwenye utulivu, mjomba au baba mdogo, awe ndiye wa kuzungumza nao, na mama asihojiwe akiwa peke yake chumbani. Barua au simu ya marehemu inaweza kuchukuliwa kama kielelezo. Ulizeni imechukuliwa na nani, kituo gani, na mwombe kuipiga picha barua hiyo kabla haijaondoka. Miezi ikipita, mzazi huitaka kuliko kitu kingine chochote.

Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Msajili wa RITA hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Cheti kinaonekana hakina maana wakati wa kilio, ila kitatakiwa shuleni, benki na kwenye mitandao ya simu.

Atasaliwa? Sheikh mmoja amesema haifai.

Kujiua ni dhambi kubwa katika Uislamu, na hilo halina ubishi. Lakini dhambi kubwa haimtoi mtu katika Uislamu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) hakumsalia mtu aliyejiua, na wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu, wameeleza kwamba ilikuwa ni kuwaonya watu, lakini masahaba walimsalia. Kwa hiyo huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa katika makaburi ya Waislamu, na kuombewa dua kunafaa. Imamu mwenye nafasi kubwa akitaka kujizuia, mwingine atasalisha. Kama imamu wa msikiti wenu anawakataza watu wote kumsalia, mzee wa familia aende kwa sheikh wa kata au wa wilaya kabla jeneza halijatoka nyumbani, bila ugomvi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Aliyekuwa hana akili timamu kwa maradhi hahesabiwi kama mwenye akili zake. Wengi wanaojiua walikuwa na sonona kali au maradhi mengine ya akili, hata kama nyumbani lilionekana kama uvivu, ukimya au hasira.

Na kwa Wakatoliki?

Misa ya mazishi inaruhusiwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haina katazo hilo. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema msukosuko mkubwa wa akili, hofu au mateso hupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mwambieni paroko mapema, na kwa ukweli. Walio madhehebu mengine wamwone mchungaji wao vilevile kabla ya kupanga saa ya kuzika.

Tuseme nini kwa watu? Wengine wanataka tuseme alikufa kwa malaria.

Tunashauri kusema ukweli mfupi. "Mtoto wetu amejiua. Alikuwa na maumivu ambayo hatukuyajua yote. Tunaomba dua zenu." Basi. Alifanyaje, wapi, nani alimkuta, hayo si ya barazani, na hakuna anayeyadai kwa haki. Anayeendelea kuuliza ajibiwe, "Hilo tumeliacha kwa familia."

Tunalitilia mkazo hili kwa sababu siri ya aina hii ni mzigo wa kila siku. Mtaa kwa kawaida umeshajua kabla ya turubai kufungwa. Familia inayosema malaria hulazimika kuchunga maneno mbele ya watoto, mbele ya wageni, mbele ya mwalimu. Na mama hukosa hata mtu mmoja wa kumlilia kile hasa kinachomliza.

Picha zikianza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kijana mmoja wa familia awaandikie viongozi wa magrupu hayo, kila mmoja peke yake, awaombe wazifute. Ujumbe mfupi wenye adabu hufanya kazi zaidi ya kutukanana kwenye grupu.

Watani tuwazuie?

Msiwazuie kuja. Kusini msiba bila watani huonekana kama umetupwa, na wao ndio hushika kazi nzito nyingine wakiwa wamenyamaza. Tatizo ni lile igizo: mtani huvaa nguo ya marehemu, akatembea alivyotembea, akasema alivyosema. Kwa mzee aliyekufa na miaka 80 watu hucheka wakapumua. Kwa kijana aliyejiua, mtani akigusa namna alivyokufa, mama anaweza kuanguka palepale kwenye jamvi. Mzee wa ukoo awakusanye watani mapema, pembeni, awaambie: "Utani wenu tunautaka, lakini kifo chenyewe msikiguse." Mtani mwenye heshima zake huelewa mara moja, na mara nyingi ndiye atakayemnyamazisha mwenzake.

Ilikuwa kosa langu?

Hili ndilo swali ambalo mzazi hujiuliza saa nane za usiku, na kulijibu kwa "hapana, usiwaze hivyo" hakumsaidii. Mzazi ana mambo mahususi kichwani. Nilimgombeza kwa ajili ya simu. Nilikataa kumpa nauli. Alisema ana kichwa, nikampa panado nikaenda shamba. Tujibu kwa hayo.

Kujiua hakusababishwi na jambo moja. Ukikuta ugomvi wa jioni, ukitazama nyuma yake mara nyingi kuna sonona, au pombe na bangi, au kuonewa shuleni, au deni, mapenzi yaliyovunjika, kudhalilishwa kulikofichwa, au maradhi ya akili katika ukoo. Ugomvi unaonekana kwa sababu ndio wa mwisho. Wazazi wa mtaa mzima waligombeza watoto wao wiki hiyohiyo. Sasa, kwa kuwa unaujua mwisho, kila dalili inaonekana ilikuwa wazi. Siku ile haikuwa wazi: kijana aliyenyamaza alionekana kijana aliyenyamaza. Wengine wakishaamua hutulia na hata kuchangamka, na nyumba nzima ikashukuru kwamba amepata nafuu.

Fanya hivi. Chukua karatasi, uandike kile unachojilaumu, sentensi moja tu. Chini yake andika: siku ile nilijua nini? Halafu: kwa niliyoyajua, nilikusudia nini? Mpe mtu unayemwamini akusomee kwa sauti. Asiyeandika aseme, mwenzake ayarudie. Utakuta mara nyingi ulikuwa unalea.

Na kama kweli kuna kosa, kwa mfano ulimpiga vibaya, au alikwambia anataka kufa ukamcheka, hatutakwambia halikuwepo. Lipeleke kwa mtu anayeweza kulibeba pamoja nawe: sheikh, padri, mshauri nasaha wa hospitali. Kosa la mzazi linaweza kutubiwa na kuombewa msamaha, na bado halikufanyi kuwa muuaji wa mwanao.

Kuna kitu kingine wazazi huona aibu kukisema: wengine hupata ahueni, hasa kama mtoto alikuwa ameugua miaka. Wengine humkasirikia marehemu. Vyote hukaa moyoni pamoja na upendo.

Ndugu wanasema amerogwa. Wanataka twende kwa mganga.

Imani ya familia ni yenu. Dua, tambiko la kuwakumbuka wazee, kusoma hitima, hayo yanaweza kuwaliwaza. Tunachokataza kwa nguvu ni ramli ya kumtaja mtu. Serikali imepiga marufuku ramli chonganishi, na madhara yake tunayajua: anatajwa bibi kizee au jirani, nyumba zinagawanyika, vijana wanatafuta kisasi, na mama aliyefiwa anakuwa na vita badala ya msiba. Isitoshe, pesa za korosho zote huishia huko.

Kwa kuwa makabila mengi ya kwetu huhesabu ukoo upande wa mama, neno la mjomba lina uzito. Mjomba akisema "ramli hapana", mjadala hufungwa. Mwendeeni yeye kwanza.

Baba hajalia hata mara moja. Hakumpenda?

Wanaume wengi hulilia kwenye kazi. Anaamka alfajiri kwenda kupalilia mikorosho, anarudi usiku, anakula kidogo, haongei. Mama anahitaji kumtaja mtoto kila saa, na baba anahitaji jina lisitajwe. Hapo ndipo lawama huingia: "Wewe ndiye uliyemdekeza", "Wewe ndiye uliyemfukuza." Kauli hizo mbili zimevunja ndoa nyingi.

Pangeni muda. Dakika 15 jioni baada ya kula, mnamtaja marehemu, anayetaka kulia alie. Zikiisha mnaongea mengine. Baba anavumilia kwa kuwa anajua kuna mwisho, na mama anajua kesho kuna zamu nyingine. Marafiki wa baba nao wasimkalishe kitako. Wamfuate shambani au pwani wafanye naye kazi. Mkiona pombe inaongezeka wiki baada ya wiki, hilo msilingoje litulie lenyewe.

Wadogo zake tuwaambie nini?

Waambieni ukweli, mapema, kabla hawajausikia kisimani. Kwa mtoto wa miaka mitano: "Kaka amekufa. Mwili wake hautarudi. Si kwa sababu ya kitu ulichofanya wewe." Msiseme amelala au amesafiri, mtoto ataogopa kulala, au atakaa barazani akingoja basi. Wa miaka kumi na kuendelea aambiwe neno lenyewe: amejiua, alikuwa na ugonjwa au maumivu ya mawazo yaliyomzidi, na msaada upo kwa anayejisikia hivyo. Halafu mwulize: "Wewe umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo. Kunamwonyesha kwamba hapa nyumbani jambo hilo linasemeka.

Atakaporudi shule, mzazi au shangazi aende naye siku ya kwanza azungumze na mwalimu wa darasa. Simu kwa Mtoto ni 116, bure. Angalieni zaidi yule anayeshinda peke yake, aliyeacha kula, au anayesema atamfuata mwenzake. Kijana akijaribu kujiua, msimfiche ndani kwa kuogopa sheria. Ni kweli kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu jaribio kuwa kosa, lakini hospitali kwanza. Matibabu ya dharura yaanze na mambo ya karatasi yafuate.

Mama anatakiwa kukaa eda?

Hapana. Eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ni ya mke aliyefiwa na mume. Mama hafungiwi ndani. Anayetaka kutoka, kwenda sokoni au kwa dada yake, aachwe atoke.

Mwili umekataa. Silali, sili, nasikia sauti yake.

Kumsikia akiita, kunusa nguo yake ukahisi amepita, kusahau ulichotumwa, kifua kubana, ni mambo ya kawaida katika miezi ya mwanzo. Sauti inayokuamrisha ujidhuru si ya kawaida; hiyo ni ya hospitali leo.

Kula kidogo mara nyingi: kikombe cha uji asubuhi, kingine saa nne, maji mezani unapoyaona. Mwenye presha au kisukari apewe mtu wa kumsimamia dawa zake, kwa sababu kwenye msiba ndiko dozi zinaporukwa na watu wakaanguka. Dawa za usingizi usinunue duka la dawa bila daktari: huzoeleka haraka, na kuziweka nyumbani wakati huu ni hatari. Usiku ukikosa usingizi kwa muda mrefu, inuka, kaa sebuleni na mtu, rudi kitandani usingizi unapokuja.

Huzuni hii itakwisha lini?

Haina tarehe, na usiruhusu mtu akuwekee arobaini kuwa mwisho wa kulia. Kwa wazazi wengi hali huanza kugeuka polepole: siku ngumu zinabaki ngumu, ila zinapishana. Baadhi ya siku zitarudisha kila kitu: Idd au Krismasi, matokeo ya mtihani ambao angeufanya, wenzake wakitoka jandoni, msimu wa korosho ulipokuwa unamtegemea kuokota. Jipangeni kabla. Siku hiyo atakuwa nani nyumbani? Mtaisoma dua saa ngapi?

Kama miezi sita imepita na bado huwezi kabisa kufanya kazi, hutoki, huli, na mawazo yake yamekushika kutwa nzima kila siku, hicho si kipimo cha upendo tena. Shirika la Afya Duniani linakitambua kuwa ni ugonjwa wa huzuni iliyorefuka, na una matibabu. Hospitalini ulizia kitengo cha afya ya akili. Kama gharama ni kikwazo, anza kwa afisa ustawi wa jamii uulize kuhusu msamaha.

Sisi majirani tusaidie vipi?

Msiba hujaa watu mpaka siku ya tatu, hupungua, hujaa tena arobaini, kisha nyumba hubaki tupu. Hapo ndipo mnapohitajika. Wateuliwe watu watatu au wanne, kila mmoja na wiki yake, kwa miezi sita. Zamu yenyewe ni ndogo: kupita, kukaa nusu saa, kuteka maji au kununua umeme, kumtaja marehemu kwa jina. Msiseme "utapata mwingine", wala "angalau una wengine." "Pole, mama. Nimekuja kukaa na wewe" inatosha.

Nguo na simu yake tufanyeje?

Wakubwa wakitaka kugawa nguo siku ya arobaini, mama achague kwanza, akiwa peke yake chumbani, na asiharakishwe. Nguo moja isiyofuliwa iwekwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Harufu hukaa humo muda mrefu. Asipokuwa tayari kugawa, zingoje mwaka ujao.

Simu msiifute wala kuiuza. Mpeni ndugu mmoja mtulivu ahamishe picha na sauti kwenye kifaa kingine. Ujumbe wa ndani mzazi asiusome usiku wala akiwa peke yake. Hautajibu kila kitu, na baadhi ya mambo humo yalikuwa ya mtoto mwenyewe. Pesa iliyomo kwenye laini hufuatiliwa kwenye ofisi ya mtandao husika, na cheti cha kifo kitatakiwa. Piga simu kwanza uulize nyaraka nyingine wanazotaka, usifunge safari ya kutoka Newala au Liwale kwa karatasi iliyopungua.

Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, nijibu nini?

Jibu unaloliweza siku hiyo. "Wanne, mmoja ametangulia" ni jibu sahihi. Kwa mtu wa kupita kwenye basi unaweza kusema watatu, na kufanya hivyo si kumkana mwanao.